Sarafu Kumi na Mbili Ndani ya Kitabu cha Sala

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mopu, ndoo na onyo. Mopu na ndoo nilivizoea siku hiyohiyo. Onyo lilikuwa kwamba nisiguse kitu chochote kilicho chini ya kioo, na hilo sikulizoea kamwe. Lilikuwa duka la sarafu za zamani katikati ya mji wa Durban, na mwenye duka tulimwita Bosi. Mimi nilikuwa Mado, mwanamke wa Lubumbashi, nina miaka thelathini na minne, nalala chumba kimoja na wanawake wanne pale Point, mtaa wa karibu na bandari. Ninyi vijana wa kanisani kwetu mmeniuliza mara nyingi: Mama Mado, miaka yote hiyo ulikuwa unatazama vyuma vidogovidogo, hiyo nayo ni kazi? Kaeni basi niwaambie. Anayetaka kuchezea simu akacheze nje.

Kabla ya mopu nilikuwa na ufundi wangu. Baba alikuwa mpiga shaba, wale mafundi wa kwetu wanaochukua bamba la shaba, wakalilaza juu ya mpira wa tairi, wakaligonga upande wa nyuma kwa nyundo na vijiti vya chuma mpaka mbele itokee sura ya mtu, au tembo, au mwanamke anayetwanga. Mimi binti nilikaa karibu naye kuanzia miaka saba. Alinifundisha kusoma mgongo wa bamba. Mbele ni ya mnunuzi, alisema, nyuma ni ya fundi. Nyuma ndiko unakoona kama mkono ulitetemeka, kama nyundo ilipiga mara moja au kumi. Na alinifundisha pia kwamba shaba ni chuma chenye huruma. Ukiikunja vibaya utaikunjua. Ukikosea utarudi. Shikeni hilo la huruma, maana ndilo lililoniponza.

Sasa, siku ile ya kwanza, kama saa nne asubuhi, aliingia mwanamke mzungu, mzee, mwembamba, amevaa kofia ya sufu na jua la Durban linawaka. Alikuwa na kitabu kidogo cheusi cha sala. Alikifungua mbele ya Bosi taratibu sana. Mimi nilikuwa napiga mopu hatua tatu kutoka pale, na macho yangu, samahani, hayakuwa kwenye sakafu. Kila kurasa chache palikuwa na duara la chuma cheupe kilichofifia, jembamba kama jani kavu, limebandikwa kwenye karatasi kwa uji wa unga.

Bosi alilitazama moja, akalitazama la pili, akacheka kidogo kwa pua. Alimwambia kwamba sarafu ina pande mbili na maandishi, hivi havina maandishi na vina upande mmoja. Alisema ni vifungo vya nguo za maigizo, vya bati, na amwachie mjukuu achezee.

Yule mama alifunga kitabu. Halafu akasema, polepole, akijisemea mwenyewe: "Basi mama alikuwa mjinga kweli."

Alisema kwa Kiswahili. Mopu ilinitoka mkononi.

Miaka ile, Kiswahili Durban kilikuwa chetu sisi wakimbizi, cha salon na cha vyumba vya Point, na mtu mweupe akikisema ungedhani umeota. Niliacha ndoo palepale nikamfuata nje, nikamkuta kwenye robot, taa za barabarani, anasubiri kuvuka. Nikamsalimu, shikamoo mama. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. Akaitikia marahaba, akaacha taa zibadilike bila kuvuka.

Aliitwa Mama Halina. Alikuwa Mpolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Urusi waliingia nyumbani kwao, mashariki ya Polandi, wakawapa nusu saa wafungashe, wakawapakia kwenye treni hadi kwenye baridi ya Siberia. Waliobaki hai walitolewa huko baadaye, na kwa njia ndefu wakafikishwa Afrika, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi huko Tengeru, karibu na Arusha. Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili kwa kucheza na watoto, na Kiswahili chake kilibaki cha mtoto wa miaka kumi. Alikitumia kunung'unikia, aliniambia, kwa sababu Durban hakuna aliyemwelewa. Nikamwambia sasa yupo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipanda ngazi ghorofa tisa za jengo lake la South Beach, maana lifti ilikuwa imekufa. Alinipa chai, akanieleza kilichokuwa kikimla moyo.

Katika ile nusu saa ya kufungasha, mama yake, Zofia, aliacha vijiko vya fedha mezani, vijiko vizito vya arusi, akachukua kitabu cha sala. Baba yao, mwalimu wa historia, alikuwa ameshachukuliwa na askari wiki chache kabla, na kabla ya kuchukuliwa alibandika sarafu zake humo akamwambia mkewe asikiache. Kule Siberia njaa ilipowafika, Zofia alimpelekea mlinzi wa ghala sarafu moja, amwombe unga. Mlinzi aliicheka. Alisema ni kifungo, akaikunja katikati kwa vidole, akamrudishia. Mdogo wake Halina, Janek, alikuwa na miaka minne. Hakufika kipupwe kilichofuata.

"Vijiko vingenunua unga," Mama Halina alisema. "Mimi, siku tunamzika Janek, nilimwambia mama: umemwua kwa vifungo. Nilikuwa na miaka saba. Mama hakujibu. Mpaka kufa kwake hakujibu."

Mnaona basi alichokitaka. Hakutaka bei, wala hakutaka kuuza. Alitaka kujua kama mama yake aliacha fedha akabeba bati.

Niliomba nitazame. Moja ilikuwa imeanza kubanduka, nikaigeuza, nikasoma mgongo wake kama nilivyofundishwa. Mbele palikuwa na kichwa cha nguruwe mwitu, na nyuma palikuwa na shimo la kichwa hichohicho, limebonyea. Pigo lilikuwa moja tu, la mkono, kutoka mbele, na chini palikuwa na kitu laini, labda ngozi. Ukingo ulikuwa umekatwa kwa mkasi na fundi mwenye haraka. Nikamwambia, mama, hizi zimepigwa na fundi, hakuna mashine hapa, na hili silo bati. Alinipapasa mkono, akasema asante, lakini mimi nafagia. Anataka aambiwe na mtu anayejua. Iliniuma, sitaficha. Lakini alikuwa na haki, kwa sababu mimi nilijua shaba.

Ndipo nikakaza roho. Dukani palikuwa na rafu ya vitabu ambavyo Bosi hakuvifungua. Nilimwomba nivisome wakati wa chakula cha mchana. Akaniambia, "Mado, hapa tunauza, hatusomeshi." Nikavisoma hivyohivyo, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kamusi ya Kiingereza pajani, kwa sababu shule yangu ilikuwa ya Kifaransa. Ilinichukua miezi. Siku moja nilifungua ukurasa nikakutana uso kwa uso na yule nguruwe mwitu.

Zinaitwa brakteati. Ni sarafu za bamba jembamba la fedha, zilizopigwa upande mmoja tu, katika zama za kati. Nguruwe mwitu alikuwa alama ya Świdnica, mji katika nchi ya Silesia, uliokuwa na utawala wake mdogo wa Kipolandi, mdogo kiasi kwamba kwenye ramani ya kitabu kidole changu kiliufunika wote. Ziliachwa bila maandishi kwa sababu wengi hawakusoma, lakini kila mtu alimjua nguruwe. Na zilikuwa nyembamba kwa sababu hazikutakiwa kudumu. Watawala wa huko walikuwa na desturi ya kutangaza kwamba sarafu za zamani zimekufa, leteni mchukue mpya, na kwa nyingi unazoleta unarudishiwa chache. Kwa hiyo fundi alipiga kitu cha kuishi mwaka mmoja au pungufu. Hizi za Mama Halina zilikuwa zimevuka miaka mia saba. Nilicheka peke yangu juu ya ile ndoo mpaka Bosi akachungulia.

Baada ya miaka miwili mpimaji wa duka aliacha kazi, na Bosi, kwa kukosa mwingine, akaniweka mezani penye mizani. Hapo nilijifunza kazi yenyewe. Sarafu hushikwa ukingoni, juu ya kitambaa laini, ili ikianguka ianguke pazuri. Haisuguliwi hata ikiwa nyeusi kama sufuria, kwa sababu ule weusi ni ngozi yake. Hutiwa kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki, plastiki hutoa jasho. Unapima, unaandika, unatazama kwa kioo cha kukuzia, na mdomo unaufunga, mate yasiruke.

Kila mwezi alikuja dukani msimamizi wa makusanyo ya jumba fulani la makumbusho. Alikuwa mama wa Kikenya, msomi, sauti yake kavu, na wote tulimwita Daktari. Huyo ndiye mtu anayejua. Nilimwomba Mama Halina aniachie kitabu. Alikileta kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa, akakiweka mikononi mwangu, akaondoka zake na fimbo.

Daktari alitazama kumi na moja zilizonyooka, moja moja. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha Nairobi kwamba zinakaa vizuri, yaani zinaonekana za kweli, lakini hawezi kuapa. Watu wa baadaye waliiga sana hizi, wakapiga kwa mkono vilevile, kwa fedha mpya. Alitaka arudi na vifaa vyake Jumanne. Halafu akaelekeza kidole kwenye ile ya kumi na mbili, ile iliyokunjwa katikati na mlinzi wa ghala.

"Hiyo usiiguse mpaka nirudi," alisema. "Tumeelewana?"

Tulielewana vizuri sana. Ndiyo maana sina pa kujifichia.

Jumatatu, duka tupu, ile sarafu ilikuwa juu ya kitambaa mbele yangu. Nikawaza, bamba limekunjwa, mimi ni binti wa mpiga shaba, nimekunjua mabamba tangu sijamaliza kuota meno ya pili. Nikawaza Daktari akija kesho atakuta nguruwe amefunguka, na ataniona. Ndiyo, nilitaka kuonwa. Miaka miwili ya mopu inakufanya hivyo. Nikakata kipande cha mpira, nikailaza, nikaweka dole gumba pale pa mkunjo, nikasukuma kama baba alivyonionyesha, polepole, kwa pumzi.

Ilivunjika kama biskuti. Hata haikutoa sauti ya maana. Vipande viwili vilikuwa juu ya mpira na kidole changu bado kimeinama.

Nilikaa pale nikisikia taxi zinapiga honi nje, nikawaza watoto wangu wawili niliowaacha kwa dada yangu Lubumbashi na wanaokula kwa meza hii. Bosi alitoka nyuma, akaona. Hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifikiri kidogo, akasema jambo ni rahisi. Nirudishe vipande kitabuni, nipake uji kidogo, niseme imefika hivyo. Kitabu kimepita vita, kimepita Siberia. "Nani atajua?" aliuliza. Alisema duka lake halivunji mali ya wateja, kwa hiyo mimi nikiivunja, mimi si wa duka lake.

Nilimwelewa pia. Wote niliwaelewa wiki ile.

Nilitazama vipande kwa kioo cha kukuzia, ili nifanye chochote badala ya kulia. Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye shaba. Pale palipovunjika hapakung'aa. Palikuwa na punjepunje za kijivu, kama ukingo wa bonge la sukari. Shaba ikichoka hupasuka huku inavutika, inaacha nyuzi. Hii haikuvutika hata kidogo. Mlinzi aliweza kuikunja kwa sababu aliikunja pale ilipokuwa bado na nguvu kidogo, na kuikunja kwenyewe kulimaliza ile nguvu.

Jumanne Daktari alipofika nilisimama mlangoni nikamwambia kabla hajavua koti. Nimeigusa. Nimeivunja. Ni mimi. Bosi alikuwa nyuma yangu, anasikia.

Daktari alinitazama nikatamani sakafu ile niliyoipiga mopu inimeze. Kisha akachukua vipande, akavua miwani yake, akaweka kioo jichoni. Alikaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Alipoinua kichwa alinieleza kwamba fedha inayokaa karne nyingi ardhini huoza ndani, kati ya punje na punje, hata kama nje ni nzima. Inakuwa dhaifu, inavunjika hivi. Fedha ya muigaji wa juzi ingejikunja na kukunjuka kama kijiko. Muigaji anaweza kuiga sura, anaweza kuiga weusi, lakini kuoza huko kwa ndani hakuwezi.

"Ni ya kweli, na palipovunjika panazishuhudia zote," alisema. "Na wewe umevunja kitu kilichovumilia miaka mia saba. Sijui nikupige au nikushukuru."

Bosi alinipa mshahara wa nusu mwezi na kunionyesha mlango. Nilitoka na kitabu cheusi kwenye kitambaa cha kichwa, na vipande viwili kwenye bahasha ya karatasi, nikatembea hadi South Beach kwa miguu. Lifti ilikuwa bado imekufa. Kila ghorofa nilipumzika nikapanga maneno, na nilipofika ya tisa yote yalikuwa yamepotea.

Nikaweka bahasha juu ya kitambaa cha meza. Nikasema, "Mama, ile iliyokunjwa nimeivunja mimi. Niliambiwa nisiiguse, nikaigusa. Na ni ya kweli. Zote ni za kweli, ni fedha."

Hakuitazama bahasha. "Sema tena."

"Nimeivunja."

"Hapana. Ile ya pili."

"Ni fedha, mama. Mama yako alibeba fedha. Yule mlinzi ndiye hakujua."

Alishika ukingo wa meza. Alilia bila kujifunika, kama mtoto aliyeanguka uwanjani, na alipoweza kusema alisema Kipolandi, neno moja mara nyingi, na sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa anamwita mama yake. Nililia naye. Chai hatukunywa siku ile.

Baadaye aliamua sarafu ziende kwenye jumba la makumbusho la Daktari, kwa masharti mawili. La kwanza lilikuwa mimi. Alimwambia Daktari kwamba zinakwenda na yule dada anayesema akivunja. Daktari alinipigia simu, hakuna salamu, akasema: "Ukirudia nitakufukuza mwenyewe. Njoo Jumatatu." Nikakaa naye miaka kumi na minane, kwanza kupiga vumbi kwenye droo, halafu kuandika kadi, halafu kusimamia chumba kizima cha sarafu. Nilihamia Isipingo, kusini mwa mji, watoto wakaja, wakasoma.

Sharti la pili lilihusu kadi. Kila sarafu katika chumba kile ina kadi yake: uzito, mahali, sura, na mstari wa waliokuwa nayo. Daktari alitaka kuandika jina la baba, mkusanyaji, ndiyo kawaida. Mama Halina alikataa. Baba aandikwe, lakini aandikwe pamoja na Zofia, aliyeibeba. Kisha Daktari, kwa desturi yake ambayo haikusamehe mtu, akaninyooshea penseli niandike uharibifu na aliyeufanya. Kwenye chumba chake kila mkwaruzo ulikuwa na jina la mtu. Niliandika jina langu kamili. Daktari alitaka pia kuviunganisha vipande kwa gundi nyepesi, kazi safi, usingeona mstari. Mama Halina ndiye aliyesema hapana, akanitaka niandike na hilo, na maneno aliyasema yeye, kwa Kiswahili chake.

Amefariki sasa, nilimwimbia mazishini. Daktari amerudi Kenya kulima chai.

Mwaka jana, wiki zangu za mwisho kabla ya kustaafu, kadi zote zilikuwa zinahamishiwa kwenye kompyuta. Msimamizi mpya, mtu mzuri, mwenye haraka, alinieleza kwamba kwenye kompyuta hakuna sehemu ya aliyevunja. Kuna "hali: imevunjika", basi. Akaniambia kwa upole kwamba ananifanyia hisani, nastaafu nikiwa na jina safi. Na vipande, alisema, vitaunganishwa, vinakwenda kwenye maonyesho.

Nikamwambia sitasaini karatasi za kustaafu. Alidhani natania. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti changu, siku ya pili nikakaa, siku ya tatu akaleta kijana wa kompyuta na mkuu wake na barua. Niliwaambia wanaweza kunitoa na kiti. Eish, walikasirika. Nikamsomea msimamizi ile kadi kwa sauti, nikitafsiri maneno ya Mama Halina, na nilipofika mwisho akakaa chini. Mchana ule wakaongeza sehemu.

Mnaniuliza kazi gani ile. Nendeni mkaombe droo ya Świdnica, mtafunguliwa, ni haki ya kila mtu. Sarafu ya kumi na mbili iko katika vipande viwili, juu ya kitambaa cheusi, na kompyuta itawasomea kama kadi ilivyo: Ilibebwa na Zofia, kutoka nyumbani kwake hadi Tengeru. Imevunjwa na Madeleine Kapinga, alipokuwa ameambiwa asiiguse. Isiunganishwe. Ikiunganishwa, mtu atasema tena ni kifungo.